Nyumba ya Paka ya Mama Dolphine

Mimi nimejenga mabanda ya kuku, mazizi ya ng'ombe, vyoo visivyo na idadi, na hata jukwaa la mhubiri mmoja pale Isebania aliyetaka kusimama juu kuliko waumini wake wote. Nyumba ya paka sikuwa nimewahi kujenga. Mama Dolphine aliponipigia simu kutoka upande wa Ndhiwa akanieleza kazi yenyewe, nilicheka mpaka mke wangu Monicah akatoka jikoni kuniuliza nimeona nini. Nikamwambia kuna mama Mjaluo ana pesa za kuchezea. Hapo nilikosea, na si hapo tu, lakini wacha niende polepole.

Jina lake ni Emmaculate. Watu humwita Mama Dolphine kwa sababu ya binti yake wa pekee, aliyeolewa kisiwani Mfangano. Mumewe, marehemu Zadock, alikuwa na stoo ya mahindi sokoni, na panya walikuwa karibu wamfunge biashara. Siku moja akaletewa paka jike wa rangi ya majivu. Yule paka aliwamaliza panya kwa msimu mmoja, akazaa, watoto wake wakagombaniwa na wenye stoo za jirani. Zadock alipofariki, miaka minne sasa, ndugu zake waligawana mizani na magunia kabla hata wageni wa matanga hawajaondoka. Mjane akabaki na nyumba yake, kipande cha shamba, na paka. Basi akawafanya paka kuwa kazi.

Na ni kazi, usicheke kama nilivyocheka mimi. Wenye stoo za omena, wale dagaa wa ziwani, kule Mfangano, wenye posho mill za kusaga unga, wenye maduka ya nafaka mpaka Migori mjini, wote walikuwa na namba yake ya simu. Hauzi mtoto wa paka kabla ya miezi mitatu. Halafu anamfungia ndani ya pipa kuukuu pamoja na panya hai, anachungulia. Anayemrukia panya anauzwa. Anayemwogopa anabaki nyumbani kula bure, na hao wa kula bure walikuwa watatu, na ndio aliowapenda zaidi. Dume wake mkubwa alimwita Koplo, kwa sababu, aliniambia, anakula kwa kila mtu na hakuna anayethubutu kumuuliza.

Balaa ilianza na vifaranga. Levis, mdogo wake Zadock, ana nyumba yake hapo hapo ndani ya boma, na anafuga kuku. Kifaranga kikipotea, hata kama kimebebwa na mwewe mchana kweupe, mwenye makosa ni paka wa shemeji. Wiki moja kabla ya kunipigia simu, Mama Dolphine alikuta majike wake wawili wamekufa kando ya njia, povu mdomoni, na mmoja alikuwa na mimba. Alipouliza, Levis alimjibu mbele ya watu: "Fungia wanyama wako. Usipowafungia, hao wengine nitawamaliza."

Kwa hiyo alinihitaji. Paka wasipofungiwa watakufa, na wakifa yeye hana kitu kingine cha kumweka mjini wala kijijini. Alinieleza hivyo siku ya kwanza, amesimama mlangoni, mtoto wa paka mfukoni mwa aproni yake, kichwa tu nje. Tulizungumza Kiswahili, maana mimi ni Mkuria na Kijaluo changu ni cha kununulia sukari.

Kazi ya ndani ilikwenda vizuri. Chumba alichokuwa akilala Dolphine kabla ya kuolewa tulikigeuza cha kuzalia. Nilitengeneza masanduku matano yenye mdomo mdogo, kwa sababu jike akitaka kuzaa hutafuta giza, na asipopewa giza atapanda kitandani kwako au ndani ya gunia la unga. Kila sanduku nililipandisha kwa miguu minne, na kila mguu tukausimamisha ndani ya mkebe wenye mafuta machafu ya gari, sababu ya siafu. Siafu wakiingia usiku mmoja, asubuhi huna watoto. Hayo alinifundisha yeye. Nilipiga pia rafu ukutani, moja juu ya nyingine, maana paka wanaokosana hawagawani chumba kwa upana, wanagawana kwa urefu. Hilo pia alinifundisha yeye, na mimi niliyecheka nikaanza kunyamaza na kusikiliza.

Laiti ningeendelea kusikiliza.

Kwa nje alitaka kitu kidogo. "Liegemeze tu kwenye ukuta wangu," aliniambia. "Bati moja linateremka, wavu, basi. Kama la kuku."

"Mama, hilo halifai. Maji yote ya paa lako yataangukia humo. Na utafagiaje umeinama? Huo mgongo unauza?"

"Fundi, liegemeze tu."

"Kwa nini?"

"Ndivyo ninavyotaka."

Mtu akiniambia hivyo bila sababu, kichwa changu kinakuwa kigumu kama mkaratusi mkavu. Hiyo ndiyo tabia yangu na sijivunii. Siku iliyofuata alipanda boti kwenda Mfangano kupeleka paka watatu kwa wateja wa binti yake, akasema atakaa siku mbili. Nami nikaamua nitamshangaza. Mbao zilikuwepo, mabati yalikuwepo, wavu ulikuwepo. Nikachimba mashimo mbali na ukuta, nikasimamisha nguzo, nikainua paa la migongo miwili lenye vibaraza pande zote. Nikaweka mlango wa urefu wa mtu, na mbele yake kijichumba cha mlango wa pili, ili ukifungua mmoja paka asitoroke kabla hujafunga mwingine. Ndani niliacha sehemu ya simenti, upande wa Koplo peke yake, matawi ya kupanda, rafu za kuotea jua. Haki ya Mungu, ilikuwa kazi safi. Nilipomaliza nikapanda juu nikapigilia alama yangu, kijiti nilichokichonga vizuri, kimesimama wima kileleni. Kwetu kila nyumba niliyoijenga ina kile kijiti. Watu wakikiona wanajua ni kazi yangu, mimi Nyarangi.

Mama Dolphine alirudi jioni ya siku ya pili, mvua ikianza. Aliweka kikapu chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Fundi, umenijengea nyumba!"

Nilidhani ni shukrani. Nikacheka, nikamwambia asante.

"Hicho cha juu ni nini?"

"Ni urembo tu, mama. Alama yangu."

"Kitoe."

"Kesho, kukikauka. Bati limelowa, nitaanguka."

Alitazama kile kijiti kwa muda mrefu, kisha akatazama nyumba ya Levis. Mvua ikamwagika kwelikweli. Kila jioni nilikuwa nikirudi kulala chumba cha kukodi sokoni, lakini siku hiyo mto ulikuwa umejaa na hakuna pikipiki iliyokubali kuvuka. Ndani kwake singeweza kulala, yeye mjane na mimi mwanamume wa watu. Kwa Levis asingeomba hata chumvi. Mwishowe alinipa mkeka na blanketi, akasema, "Lala huko kwa paka," akajifungia. Nililala kwenye ile simenti mpya, Koplo ananikodolea macho. Sijui kama wakati ananipa ule mkeka tayari alikuwa amewaza jambo. Nimejiuliza sana na bado sijui.

Asubuhi nilitoka nikiukunja mkeka, nikamkuta Levis amesimama njiani na ndoo ya chakula cha kuku. Nilimwamkia. Hakuitika. Alinitazama mimi, akatazama mlango, akatazama juu ya paa, akaenda zake. Na mimi mjinga nikapokea simu ya kazi nyingine kule Awendo nikaondoka mbio, kijiti sikukitoa.

Nilirudi Jumamosi kufunga bawaba za mlango wa pili. Nikakuta boma limejaa. Wanaume kama tisa wameketi kwenye viti vya plastiki, wanawake wamesimama kwenye ua, na mzee mmoja mwembamba, Mzee Barnabas, mkubwa wa ukoo wao, amekaa juu ya mbao zangu zilizobaki akilalamikia mgongo. Mama Dolphine alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, paka amempakata. Nikadhani kuna msiba.

"Ni wewe fundi?" Barnabas aliniuliza kwa Kiswahili. "Karibu ukae. Wewe ndiye tunakungoja."

Nikakaa.

"Kwenu Ukuria mnajenga vizuri," alisema. "Lakini hapa mwanamke aliyefiwa na mume hajengi nyumba mpya mpaka mwanamume amsimamie. Unajua kusimamia ni nini?"

Nikasema nimesikia.

"Ni kuwa naye kama mume. Huyo mwanamume ndiye huchimba shimo la kwanza, na nyumba ikiisha ndiye hulala humo kwanza. Kisha mama ni huru na nyumba yake. Huyu mama tumemwambia miaka minne, shemeji yake yupo, hataki."

"Ni banda la paka, mzee!"

"La kuku tungenyamaza. Kila mwanamke ana la kuku." Aliinua fimbo yake akaonyesha. "Hilo lina mlango wa mtu. Lina paa la nyumba. Na kile kilicho juu?"

"Ni urembo."

Wanawake kwenye ua waliguna. Barnabas akatikisa kichwa. "Kile tunaita osuri. Zamani kilikaa juu ya paa la kila nyumba yenye mume. Mume akifa, kinavunjwa. Cha Zadock tulikivunja kwa mikono yetu. Sasa asubuhi moja tunaamka tunaona kuna kipya."

Jameni! Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi nilikuwa nimechonga tu kijiti.

Levis akasimama. Ni mtu wa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonikera, maana anayepiga kelele unajua pa kumshika. Alisema hana ubaya na mtu. Nyumba ivunjwe, ama shemeji akubali yeye Levis amsimamie kama inavyotakiwa, nyumba ibaki, paka wabaki, hakuna atakayewagusa. Alisema hivyo huku anatazama kucha zake. Mke wake mwenyewe alikuwa pale kwenye ua, ameinamisha kichwa.

Hapo ndipo Mama Dolphine alipozungumza. Hakusimama. Alizungumza Kijaluo kwanza, kisha, akinigeukia, akarudia kwa Kiswahili, polepole, kama anayemsomea mtu barua.

"Mnasema mwanamume achimbe shimo. Amechimba. Mnasema aweke osuri. Ameweka. Mnasema alale humo. Amelala, na Levis alimwona akitoka asubuhi. Nilikuwa naye. Imekwisha. Mnataka nini tena kwangu?"

Kuku mmoja wa Levis alikuwa anaparua chini ya kiti changu na nilimsikia kila ukucha.

Barnabas alikuna kidevu. "Mgeni anaweza," alisema baadaye. "Imewahi kutokea. Kwa mama yangu mdogo ilikuwa mgeni kutoka Suna. Ikiwa ni kweli, basi imekwisha, hatuna neno, na nyumba ni yake." Akanigeukia. "Fundi, ni kweli?"

Nataka uelewe nilikuwa wapi. Mimi ni mzee wa kanisa kule Kehancha. Nina mke na watoto watano. Kutoka Ndhiwa hadi kwetu si mbali, na maneno ya aina hii hayangoji gari. Kichwani nilimwona Monicah akisikia kwa jirani akiwa kisimani. Niliona vidole vya washirika vikielekezwa kwangu. Na zaidi ya yote nilikasirika, wacha niseme ukweli, nilikasirika kwamba mwanamke huyu amenitumia bila kuniuliza. Mama Dolphine alikuwa ananitazama. Hakukonyeza wala kuomba. Alikuwa tu ananitazama, mkono umetulia mgongoni mwa paka, na nilijua kabisa anachotaka. Usije ukadhani sikujua.

Nikasimama. Nikainua hata mkono juu.

"Mungu ni shahidi yangu, mimi sijamgusa huyu mama. Nililala kwa paka."

Watu wakacheka. Walicheka mpaka Barnabas akashika mgongo wake. Mimi nilisimama pale nimejaa haki, kifua mbele, nikingoja mtu anipongeze. Kisha nikamwona Mama Dolphine. Alikuwa ameufunika uso kwa khanga, mabega yake yanatikisika, na yeye hakuwa anacheka.

Walisema kwa kuwa ni mimi niliyeinua, niishushe mwenyewe. Nilipanda na nyundo nikang'oa kile kijiti kwanza, kisha bati moja baada ya jingine. Misumari ya mabati ikipigwa vizuri haitoki kwa urahisi, na mimi huipiga vizuri. Ilinichukua mchana wote. Paka walianza kuruka nje bati la tatu lilipotoka. Mama Dolphine aliwakimbiza mmoja mmoja, akiwaita kwa majina, akiwaingiza ndani kwake, na hakuna mtu hata mmoja aliyemsaidia. Nami nilikuwa juu ya paa, mikono imejaa. Nilipoondoka aliniambia kwaheri kama anavyomwambia muuza nyanya.

Nyumbani nilimsimulia Monicah yote, neno kwa neno. Nilitegemea anisifu. Aliendelea kuchambua wimbi la uji.

"Ungesema ndiyo," aliniambia mwishowe, "halafu ukaja hapa ukanieleza ilivyokuwa, unadhani nisingekuamini?"

"Na kanisa?"

"Nimekuuliza kuhusu mimi."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta randa.

Habari zilinifikia kwa vipande, kutoka kwa mwendesha lori anayebeba mahindi. Paka kumi na mmoja wamefungiwa ndani na mama mchana na usiku. Majirani wanalalamika harufu. Watatu wametoroka dirishani kwa mara moja, na kesho yake wote watatu wameokotwa wamekufa kando ya njia ile ile, Koplo akiwa mmoja wao. Niliposikia la Koplo nilishindwa kumaliza chakula. Wateja wa Mfangano wanapiga simu wanaambiwa wangoje. Kisha kwa wiki mbili hakukuwa na habari.

Aliyenipigia simu safari hii alikuwa Levis. "Fundi," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "njoo urudishe nyumba ya paka. Mambo yako sawa sasa."

Ningeweza kukataa. Mafundi wako wengi. Lakini nilikwenda, na njia nzima nilijiambia nakwenda kwa ajili ya wale paka.

Nguzo zangu walikuwa wameziacha, ila ya kwanza waliing'oa, kwa sababu ilibidi Levis aichimbie yeye. Alipiga jembe mara nne tano, akafuta jasho, akaniachia nimalizie. Mabati nilirudisha yale yale, nikiyasogeza polepole mpaka kila tundu la msumari likae mahali pake, ili pasivuje. Nilitaka pasivuje hata tone. Mama Dolphine alipika. Alileta chai, akampa Levis kwanza, akiwa amepiga goti kidogo, kisha akanipa mimi. Kiti alichokalia Levis kilikuwa kimetolewa ndani, kile chenye kitambaa. Levis mwenyewe alikuwa amevaa kandambili za nyumbani. Kuku wake walikuwa wanatembea mpaka mlangoni mwa mjane wa kaka yake na hakuna aliyewafukuza.

Saa kumi hivi nilikuwa ndani ya ile nyumba nikifunga bawaba za mlango wa pili, zile zile nilizokwenda kuzifunga ile Jumamosi. Mama Dolphine aliingia na majike wawili kwenye kikapu. Akawaweka juu ya rafu. Walinusa kila kona, wakajilaza juani. Ilikuwa mara ya kwanza tuko wawili tangu ile siku, na maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Kehancha yote yakanitoka.

"Wamependa," nilisema.

"Ndiyo. Umejenga vizuri."

Nilizungusha skrubu ambayo tayari ilikuwa imekaza. "Mama, nisamehe."

Alikuwa anamkuna jike mmoja chini ya kidevu. Alikuwa amekonda tangu nilipomwona mara ya mwisho, na shingoni alikuwa na alama nyekundu aliyojaribu kuifunika kwa khanga. Hakuonekana kukasirika. Laiti angekasirika.

"Nilitaka neno moja tu, fundi," alisema. "Ungesema ndiyo, ukaenda kwenu. Nisingekuita tena hata siku moja."

"Nina mke, mama."

"Najua." Aliinua kikapu kitupu, akafungua mlango wa kwanza, akangoja kidogo paka wasitoke. Kutoka nje Levis alikuwa akimwita. "Na mimi sasa nina mume," akasema, akaenda kumpelekea maji ya kunawa.